Jino Jeusi Lililo Gumu: Uchambuzi wa Kisa cha Matibabu kwa Silva Daiamini Floraidi Magharibi mwa Uganda

Mazingira ya kisa

Kisa hiki kilitokea katika kituo cha afya cha ngazi ya nne magharibi mwa Uganda, katika eneo ambalo wenyeji na wakimbizi waliotoka mashariki mwa Kongo hupanga foleni moja, na Kiswahili ndiyo lugha inayowaunganisha. Majina, tarehe na wilaya vimeondolewa, na mambo machache ya familia yasiyogusa matibabu yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike.

Kituo kina afisa mmoja wa afya ya meno, kiti kimoja cha matibabu, na mashine ya kuchonga jino inayotegemea umeme usio wa uhakika. Mtoto mdogo anayehitaji kulazwa usingizi ili ashughulikiwe meno mengi kwa pamoja hana budi kupelekwa hospitali ya rufaa ya mkoa. Ada za matibabu katika vituo vya serikali ziliondolewa nchini mwaka 2001, lakini nauli, chakula cha njiani na siku za kazi zinazopotea bado zinamkabili mzazi, na kwa familia nyingi za eneo hili gharama hizo zinatosha kuifanya rufaa ibaki karatasi tu. Maamuzi yote yanayoelezwa hapa yalifanywa ndani ya mipaka hiyo.

Wagonjwa walikuwa wawili wa nyumba moja: bibi wa zaidi ya miaka 60, na mjukuu wake wa kike aliyekuwa na miaka minne na nusu hivi. Wa kwanza kufika kliniki alikuwa bibi, na jambo hilo liliathiri kila kilichofuata.

Dawa iliyotumika

Silva daiamini floraidi, ambayo wahudumu huiita SDF, ni majimaji yenye harufu ya amonia, yanayopakwa kwa brashi ndogo juu ya sehemu ya jino iliyooza au iliyo wazi. Iliruhusiwa kutumika Japani mwaka 1970. Marekani iliipa kibali mwaka 2014 kwa ajili ya kupunguza ganzi ya meno, yaani maumivu ya ghafla jino linapoguswa na baridi au utamu, kwa watu wazima, na madaktari wa huko wakaanza kuitumia pia kusimamisha kuoza, jambo ambalo kibali chenyewe hakikulitaja. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu.

Inayotumika zaidi ni ile ya asilimia 38, yenye floraidi karibu sehemu 44,800 katika kila milioni, ilhali dawa ya meno ya kawaida ya watu wazima ina kati ya 1,000 na 1,500. Madini ya fedha yaliyomo huua bakteria ndani ya sehemu iliyooza, na floraidi huisaidia dentini iliyolainika, yaani sehemu ya jino iliyo chini ya tabaka gumu la nje, kurudisha madini na kuwa ngumu tena. Kwa mtu mwenye mizizi iliyo wazi, dawa huziba vimirija vidogo vya dentini vinavyofikisha baridi na utamu kwenye neva, na ndiyo maana ganzi hupungua. Utafiti uliofanyika Peru na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha nafuu hiyo ndani ya siku saba.

Ina athari moja isiyofichika: sehemu iliyooza hugeuka nyeusi na hubaki hivyo. Enameli nzima, yaani tabaka gumu la nje la jino, haibadiliki rangi. Dawa ikidondokea ngozi huacha doa linaloondoka lenyewe ndani ya wiki moja au mbili, lakini ikidondokea nguo doa halitoki.

Mambo yalivyofuatana

Bibi alikuja akilalamika kwamba meno yake ya chini yanakufa ganzi akinywa maji ya mtungi, na hata akivuta hewa ya alfajiri kwa mdomo. Alikuwa amekwisha kushauriwa na majirani ayang'oe. Uchunguzi ulionyesha fizi zilizorudi nyuma, mizizi iliyo wazi kwenye meno kadhaa, na mzizi mmoja ulioanza kuoza. Kwa miaka mingi alikuwa akisugua meno kwa kijiti kwa nguvu, kulia na kushoto. Alielekezwa namna ya kusugua taratibu, akaulizwa kama amewahi kudhurika na madini ya fedha, kisha mizizi ikakaushwa kwa pamba na kupakwa dawa. Aliporudi baadaye alisema anakunywa maji bila kukunja uso. Mzizi ulioanza kuoza ulikuwa umegeuka mweusi, na mingine ilibaki karibu na rangi yake ya awali. Dawa ilirudiwa mara moja.

Katika ziara hiyo ya pili alikuja na mjukuu, na akasema, "Daktari, huyu naye mpake kama mimi."

Mtoto alikuwa akitafuna upande mmoja na kulia akipewa kinywaji baridi. Usiku alilala vizuri, na maumivu hayakumwamsha. Ndani ya mdomo meno sita yalikuwa yameoza: mawili ya mbele juu, gego la kwanza la chini kulia na lile la kushoto, gego la pili la chini kulia, na gego la kwanza la juu kushoto. Juu ya hilo la mwisho ufizi ulikuwa na kijipu kidogo kilichotoa usaha kikibonyezwa. Hakuwa na homa, uso haukuvimba, na alifungua mdomo bila shida. Chonge moja ya chini haikuwepo, na ufizi wa mahali pake ulikuwa na kovu. Bibi alieleza kwamba mtoto alipokuwa mchanga aliharisha, na mtu wa kijijini akamtoa ebinyo, yaani akachimbua vijino ambavyo havijaota kwa imani kwamba ndivyo vinavyoleta homa na kuharisha. Desturi hiyo bado ipo katika sehemu nyingi za Uganda na nchi jirani, na wahudumu wa meno huitambua kwa chonge za utoto zinazokosekana.

Siku hiyo mtoto hakupakwa dawa. Alipewa dawa ya maumivu, bibi akaelezwa dalili za hatari ambazo zingehitaji kurudi haraka, na akaombwa aje na mama wa mtoto siku ambayo si ya gulio.

Mama alifika wiki iliyofuata, akiwa na mashaka. Hakutaka chuma chochote mdomoni mwa mwanawe, kwa kuwa alikumbuka damu ya siku ile ya ebinyo. Afisa alimwonyesha picha za meno kabla na baada ya kupakwa dawa, zilizotumiwa kwa ruhusa ya wenyewe, na bibi akafunua mdomo wake mwenyewe. Mama aliuliza maswali matatu: weusi utakaa muda gani, kuna kitu cha kuupunguza, na itakuwaje asipokubali. Alijibiwa kwamba weusi hukaa hadi jino la utoto lidondoke, na kwa meno ya mbele ya juu hiyo ni kwenye miaka sita au saba. Alielezwa kwamba iodidi ya potasiamu inaweza kuupunguza kwa kiasi lakini kituo hakikuwa nayo, na kwamba meno yakiachwa bila chochote kuoza kutasonga kuelekea kwenye neva. Baada ya kufikiri alikubali magego yapakwe na akakataa meno ya mbele, kwa sababu mtoto alikuwa anakaribia kuanza shule ya awali mwezi wa Februari na hakutaka wenzake wamcheke.

Magego matatu ya chini yalipakwa siku hiyohiyo. Mtoto alilala mapajani mwa mama, kichwa kikielekea kwa afisa. Mabaki ya chakula yaliondolewa kwa pamba yenye maji, midomo na fizi zikapakwa mafuta ya mgando, na pamba zikawekwa pande zote mbili ili mate yasifike. Tone moja la dawa lilimiminwa katika kikombe kidogo cha plastiki, kwa kuwa dawa hii huharibu chuma na kioo, na kila jino likasuguliwa kwa dawa kwa takriban dakika moja kabla ya kufutwa kwa pamba kavu. Meno ya mbele yalipakwa vanishi ya floraidi isiyoacha weusi.

Gego lenye usaha liling'olewa wiki moja baadaye kwa sindano ya ganzi. Mtoto alilia wakati wa sindano, kisha akatulia.

Miezi mitatu baadaye mtoto alipata homa na kupelekwa kwenye kliniki nyingine iliyo karibu na nyumbani. Mhudumu wa huko aliona magego meusi akasema yameoza kabisa na yang'olewe. Bibi alikataa. Alitoa daftari la shule ambalo familia hulitumia kuandikiwa matibabu, kama ilivyo kawaida katika vituo vingi vya Uganda, lakini ukurasa wa kliniki ya meno uliandikwa kwa vifupisho vya kitaalamu ambavyo mhudumu yule hakuvielewa. Meno yalibaki kwa sababu bibi alishikilia msimamo wake.

Miezi sita ilipotimia mama alimleta mtoto kama alivyoagizwa, akakuta dawa imeisha kituoni. Meno yalikaguliwa bila kupakwa. Dawa ilipatikana baada ya miezi miwili zaidi, ndipo awamu ya pili ikafanyika.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kutomtibu mtoto siku ya kwanza ulijadiliwa sana ndani ya timu. Bibi ndiye aliyekuwa akimlea mchana kutwa, alikuwa ameridhia kwa moyo mweupe, na katika familia nyingi za hapa neno lake lingetosha. Kulikuwa pia na hatari ya kweli kwamba wasingerudi. Lakini weusi haufutiki, na mama ndiye angeamka nao kila asubuhi akimtazama mwanawe. Simu ilifikiriwa, ikaachwa, kwa sababu rangi haielezeki kwa simu kwa mtu ambaye hajawahi kuiona. Kwa maoni yangu uamuzi huo ulikuwa sahihi, hasa kwa sababu hapakuwa na dalili ya maambukizi yanayoenea. Kama uso ungekuwa umevimba au mtoto ana homa, mjadala wa rangi usingekuwa na nafasi, na matibabu ya usaha yangeanza papo hapo.

Uamuzi wa pili ulihusu jino lipi lipakwe na lipi lisipakwe. Dawa hii husimamisha kuoza katika jino ambalo kiini chake, chenye neva na mishipa ya damu, bado ni kizima. Jino lenye usaha, jino linalomwamsha mtoto usiku bila sababu, au jino ambalo kiini chake kimefikiwa haliponi kwa kupakwa, na kulipaka ni kumpa mzazi tumaini la bure huku maambukizi yakiendelea chini. Ndiyo maana swali la usingizi wa mtoto liliulizwa kabla ya kufungua chupa. Gego la juu kushoto liliwekwa kando tangu mwanzo.

Mpangilio wa kupaka kwanza na kung'oa baadaye ulikuwa wa makusudi. Kitabu kingeweza kushauri chanzo cha usaha kiondolewe mwanzo, na msomaji mwenye hoja hiyo ana haki nayo. Kijipu kilikuwa cha siku nyingi na kilikuwa kikijitoa chenyewe, mama aliogopa vyuma, na mtoto hakuwahi kukaa kwenye kiti kile. Ziara ya kwanza isiyo na maumivu ilimwezesha kuvumilia ya pili, na wiki moja ya kusubiri iliambatana na maagizo ya wazi ya kurudi mara moja hali ikibadilika.

Kuhusu kipimo, tone moja lina floraidi karibu miligramu 1.1. Mtoto huyu alikuwa na uzito wa kilo 16, na kiwango kinachochukuliwa kuwa mwanzo wa hatari ni miligramu 5 kwa kila kilo, yaani miligramu 80 kwake. Tone moja lilitosha meno yote matatu. Hesabu hiyo iliandikwa, kwa sababu mhudumu anayesikia kwamba dawa ina floraidi mara 30 au zaidi ya dawa ya meno huogopa kuitumia asipoona kiasi chenyewe kilivyo kidogo.

Matokeo

Katika ukaguzi wa miezi sita magego ya kwanza ya chini yote mawili yalikuwa meusi, yanang'aa, na magumu yalipoguswa taratibu kwa kifaa cha uchunguzi. Mtoto alikuwa akitafuna pande zote na hakulia tena kwa vitu baridi. Gego la pili la chini kulia halikufanya vizuri. Juu yake weusi ulikuwa mgumu, lakini ubavuni, mahali linapogusana na gego la kwanza, dentini ilikuwa laini na chakula kilikwama hapo. Dawa iliporudi kituoni jino hilo lilisafishwa kwa vifaa vya mkono bila mashine, likapakwa tena, kisha likazibwa kwa simenti ya glasi ayonoma, ambayo hushikamana na jino na kutoa floraidi kidogokidogo. Tangu hapo limetulia.

Meno ya mbele yaliendelea kuoza polepole. Moja lilivunjika pembeni, na ncha kali ikalainishwa. Mama aliulizwa tena kama angependa yapakwe, akasema hapana, na jibu lake likaandikwa bila kulazimishwa.

Bibi hajalalamika tena juu ya ganzi.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kwanza ni ridhaa iliyotolewa kwa kuona. Mama alikubali na kukataa kwa sehemu, na huo ni ushahidi kwamba alielewa. Mzazi anayekubali kila kitu kwa neno moja huwa mara nyingi amekubali cheo cha mhudumu tu, na huyo ndiye anayerudi na hasira mtoto anapotabasamu siku ya tatu. Kukataa kwake meno ya mbele kuligharimu kipande cha jino. Hata hivyo, aliporudi kila alipoitwa, magego ambayo mtoto anayahitaji kwa kutafuna yaliokolewa. Sidhani angerudi kama angeshinikizwa.

Kufundisha familia dalili ya mafanikio nako kulizaa matunda. Wengi hudhani weusi ndio uponyaji. Weusi unaonyesha kwamba dawa imegusa sehemu iliyooza, na kinachoonyesha kwamba kuoza kumesimama ni ugumu. Nyumbani hakuna wa kulipima jino kwa kifaa, kwa hiyo bibi aliambiwa atazame mambo mawili: kama weusi unang'aa au umefifia, na kama chakula kinanasa mahali fulani. Maelezo hayo ndiyo aliyotumia kubishana na mhudumu wa kliniki ile nyingine, na ndiyo aliyotumia kutuambia, kabla hatujagundua, kwamba nyuzi za muwa zinanasa kati ya magego ya kulia.

Hapo ndipo udhaifu wa dawa unapoonekana. Katikati ya meno mawili yanayogusana brashi haifiki sawasawa, mate hayazuiliki kwa urahisi, na chakula hurudi kila siku. Mahali kama hapo kupaka peke yake kunahitaji uangalizi wa karibu, na pale vifaa vinapopatikana ni bora kuziba mapema kwa glasi ayonoma kuliko kungoja ukaguzi. Timu ilipaka bila kuziba kwa sababu mtoto alikuwa mgeni wa kiti na mama hakutaka chuma. Sababu hiyo inaeleweka, lakini jino lilitakiwa kukaguliwa baada ya wiki chache badala ya kusubiri miezi sita.

Kukosekana kwa dawa siku ya miadi ni kasoro kubwa kuliko inavyoonekana. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani wa mwaka 2018 unapendekeza dawa ya asilimia 38 ipakwe mara mbili kwa mwaka kwa meno yenye matundu, na majaribio yaliyofanyika Hong Kong yalionyesha kwamba mara mbili kwa mwaka husimamisha kuoza zaidi kuliko mara moja. Awamu ya pili ni sehemu ya tiba. Kituo kinachoanza na chupa moja bila mpango wa chupa inayofuata kinaanza tiba ambayo hakina hakika ya kuimaliza, na mama aliyelipa boda boda na kurudi bure huenda asijaribu tena. Huyu alijaribu, na si haki kupanga huduma kwa kutegemea subira ya watu kama yeye.

Daftari nalo lilishindwa. Maandishi ya vifupisho hayakumlinda mtoto alipofika kwa mhudumu asiye wa meno. Tangu kisa hiki, kila anayepakwa dawa huandikiwa sentensi kamili kwenye daftari, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili: meno haya yamepakwa dawa inayoyafanya meusi, yasing'olewe kwa sababu ya rangi, yakiuma au ufizi ukivimba mgonjwa arudi kliniki ya meno. Ni jambo dogo ambalo kituo chochote kinaweza kulifanya kesho.

Eneo ambalo timu haikufanikiwa sana ni chakula. Bibi alikuwa na desturi ya kumpa mjukuu chai yenye sukari nyingi kabla ya kulala, na ingawa alikubali kuibadilisha kwa maji baada ya kupiga mswaki, mama anasema chai inarudi usiku mtoto akisumbua. Dawa husimamisha tundu lililopo, haizuii sukari ya kila usiku kuanzisha jingine. Mazungumzo haya yanaendelea katika kila ziara, na yanaelekezwa kwa bibi kwa heshima, kwa kuwa yeye ndiye mwenye kikombe.

Mpango uliopo sasa unahesabiwa kwa umri wa meno yenyewe. Meno ya mbele yatadondoka ndani ya miaka miwili hivi. Gego la pili la chini kulia linatakiwa kukaa hadi mtoto afikishe miaka 10 au zaidi, na nyuma yake, kwenye miaka sita, litaota gego la kwanza la kudumu, ambalo huota bila jino lolote la utoto kudondoka na kwa hiyo wazazi wengi hulidhania kuwa la utoto. Mama na bibi wameonyeshwa mahali litakapotokea, na wameombwa wamlete mtoto mara tu watakapoliona, hata kama tarehe ya miadi haijafika.